Nilipeleka sledi ikawekwe sasipensheni sawa, mgongo wangu ndo shahidi

Jamani nilisema nikimaliza msimu huu lazima niandike kuhusu hii gereji mana watu wa kwetu tuliopo Minnesota, huku Marekani, tunazidi kununua hizi snoumobili, yani pikipiki za theluji, mbele zina ski mbili za kuteleza na nyuma mkanda mpana wa mpira unaozisukuma, wenyeji wanaziita sledi tu, alafu tunaishia kuzipaki nje zinafunikwa na theluji kisa "zinaumiza". Haziumizi. Zimewekwa vibaya, au niseme zimewekewa mtu mwingine.

Kwanza mnijue. Kabla sijaja huku nilikua dereva wa watalii Arusha, Land Cruiser, miaka tisa, na anayeijua ile barabara ya kutoka Naabi kwenda Seronera anajua ninachosema nikisema rasta, vile vituta vidogo vilivyofuatana barabarani, yani unatetemeka mpaka meno, wageni tulikua tunawaambia ni masaji ya bure na wenyewe wanacheka siku ya kwanza, siku ya tatu hacheki mtu. Kwahiyo mimi habari za shokapu na springi sio mgeni nazo. Ndo mana niliona aibu kwamba nimenunua sledi ya mtumba, mkanda wa urefu wa inchi 121, injini ya sisi 600, bei nzuri tu, na siku ya kwanza naiendesha ile njia ya North Shore juu ya Two Harbors nimerudi natembea kama mzee wa miaka tisini. Ile njia jumla yake ni maili 146, kutoka Duluth mpaka Grand Marais, mimi nilifanya kama 30 nikaomba poo.

Asubuhi njia inakua safi, mashine ya kusawazisha inapita usiku inailaza kama lami. Ikifika saa nane mchana, hasa Jumamosi, sledi mia na zaidi zimeshapita, kila mtu anavuta moto kwenye kona na mkanda unachimba, basi yanatokea matuta yamefuatana tuta kwa tuta, makubwa kama ndama amelala. Hapo ndo utajua kama sasipensheni yako iko sawa.

Kosa langu lilikua hili, na ndo kosa la karibu kila mtu niliyeongea naye. Niliona inapiga kwa nguvu nikasema aaah hii ngumu, nikalegeza springi za nyuma mpaka mwisho. Ikawa mbaya zaidi. Nikapeleka kwa wauzaji fulani, duka kubwa lenye vioo, siwataji, kijana akaizungusha zungusha vinobu dakika kumi akasema nimekuwekea laini kabisa, akachukua hela yake. Ikawa mbaya zaidi ya ile mbaya zaidi! Mwezi mzima sikuigusa.

Sa shemeji yangu ambaye anakaa Duluth ndo akaniambia, "Shem, kuna mzee huku juu ana gereji nyuma ya nyumba yake, yeye anashughulika na sasipensheni tu, mpelekee, lakini usiende na haraka." Na kweli usiende na haraka, nilisubiri wiki mbili kupata nafasi.

Nimefika, nyuzi joto kumi na nane chini ya sifuri, naishusha sledi kwenye trela, mzee hata salamu yake ni kichwa tu. Kitu cha kwanza alichoniambia ni rudi kwenye gari uvae kila kitu. Kila kitu yani suruali ya theluji, mabuti, koti, helmeti, hata begi la mgongoni lenye chupa ya chai na spana. Nikadhani ananitania. Mimi nina kilo 104, nikivaa zile nguo zote na begi nacheza kwenye 115 huko. Mzee anasema springi haijali unavyojipima bafuni, inabeba kinachokaa juu yake.

Alafu akainua bampa ya nyuma mpaka sasipensheni ikaning'inia yote, akapima kwa futi kutoka sakafuni. Akaishusha, akaniambia kaa, ruka ruka kidogo, tulia. Akapima tena. Tofauti ilikua inchi tano na nusu. Kwa mashine kama yangu yeye anataka inchi tatu hadi nne, ingawa alinionyesha na kitabu cha mashine akasema ukiwa na mashine nyingine soma kitabu chako usinisikilize mimi. Maana yake ni nini, maana yake nilikua nakaa tu nimeshakula karibu nusu ya nafasi ya shokapu kushuka kabla hata sijawasha injini, kwahiyo tuta la kwanza linamaliza kilichobaki na la pili linagonga chuma kwa chuma, na kile kipigo ndo mimi nilikua nasema "ngumu". Haikua ngumu. Springi zilikua zimelala! Kitu ambacho Arusha ningekiona kwa macho tu nikiwa nimesimama barabarani, gari imekaa matako chini, unaipeleka inaongezewa jani la springi, mchezo umeisha. Huku kwenye theluji akili ilihama.

Kwahiyo ili iwe laini, akaikaza. Kwenye hizi sledi nyuma kuna springi mbili zinazojikunja, moja kila upande, na mguu wa kila springi umelalia kwenye kibonge chenye pande tatu, upande mfupi ni laini, wa kati, na mrefu ni mgumu. Inazungushwa kwa spana maalum inayokuja na mashine, ya kwangu ilikua kwenye kile kimfuko sijawahi hata kukifungua. Akatoa kwenye laini akaweka kati, pande zote mbili sawa. Kapima tena: inchi nne kasoro kidogo. Nikadhani tumemaliza, nikaanza kutoa pochi. Mzee akacheka mara ya kwanza na ya mwisho siku hiyo.

Akalala chini. Ndani ya mkanda, kwenye ule mkono wa mbele wa sasipensheni, kuna mikanda midogo inaitwa limita, kazi yake ni kuzuia ule mkono usishuke sana. Aliyekua na sledi kabla yangu alikua anapenda kona kali inaonekana, alikua ameifupisha sana. Ukiifupisha uzito unahamia mbele kwenye ski, zinang'ata theluji, unakata kona kama kisu, ila stelingi inakua nzito na kila tuta linakuja moja kwa moja kwenye viganja na mabega. Mzee akairefusha tundu moja tu. Moja. Nikamwambia ongeza mbili basi, akaniambia ukirefusha sana utakata kona na sledi itaendelea mbele kwenye mti, ski zitakua zinaelea. Sawa mzee.

Springi za shokapu za mbele kwenye ski akalegeza mzunguko mmoja mmoja, huku anahesabu nyuzi za skrubu zilizobaki wazi juu ya ile nati ili kushoto na kulia zilingane. Hapo ndo akaona shokapu ya kulia imelia mafuta. Ile haiwekeki sawa kwa kuzungusha kitu chochote, inafunguliwa, inabadilishwa sili na mafuta na kujazwa gesi ya naitrojeni upya, bei yake ni pembeni. Ndo hapa nilipokasirikia lile duka la vioo mana yule kijana aliizungusha hiyo hiyo shokapu imekufa na hakusema neno.

Alafu grisi. Aisee grisi. Vile vinundu vya kupigia grisi kwenye sasipensheni ya nyuma vilikua havijaona grisi sijui toka lini, alipopiga ilitoka maji ya kahawia na kutu. Mzee anasema nusu ya watu wanaokuja kwake wanalalamika shokapu wakati shida ni bushi zimekauka, mkono hauchezi, na ukiweka shokapu ya dola elfu moja kwenye mkono uliokwama bado umekwama. Akamaliza kwa kuangalia mkanda haujakaza sana wala haujalegea, na uko katikati.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni kwamba hakuniacha niondoke. Nyuma ya kwake kuna kipande cha njia kinazunguka kama dakika ishirini, chenye matuta ya kutosha. Nenda zunguka rudi, niambie kitu kimoja tu ulichosikia. Nikarudi nikasema mbele imekua nyepesi ila nyuma inanirushia kiuno nikitoka kwenye tuta. Akageuza kinobu cha shokapu ya nyuma mibofyo miwili, akaandika kwenye daftari, nenda tena. Nikaanza kumwambia na mbele pia labda tu... akanikatisha. Kimoja kimoja. Ukibadilisha viwili hujui kipi kimesaidia. Nilizunguka mara nne, na ile mara ya kwanza alisema isihesabiwe kabisa mana mafuta ya shokapu yakiwa na baridi yanakua mazito kama asali, sledi yoyote ni ngumu dakika kumi za mwanzo, usiguse kitu mpaka ipate moto.

Matokeo. Wiki iliyofuata tumetoka Two Harbors kuelekea Finland, hapana sio ile ya Ulaya, ni kakijiji kanaitwa hivyo hivyo, mimi na shemeji, tumerudi saa tisa alasiri kwenye yale matuta yenyewe. Mashine inapanda inashuka lakini haigongi. Yani unaona tuta linakuja, unajikaza kwa mazoea, alafu hamna kitu. Mikono haikufa ganzi. Tulisimama sehemu ukiwa juu unaliona Ziwa Superior lote limelala kule chini, shemeji kwao Mwanza akaanza ubishi wake wa siku zote kwamba Victoria ni kubwa zaidi, sio kweli, Superior ndo kubwa kwa eneo na Victoria inafuata, lakini mtu wa Mwanza utamwambia nini. Mimi nilikua najisikilizia mgongo tu. Haukuuma mpaka kesho yake, na kesho yake uliuma kidogo kama mtu aliyefanya mazoezi.

Sa mabaya yake niseme pia. Hapokei kadi, ni keshi, nililipa dola 140 ya kazi na ile shokapu ikaja 95 baadaye. Hakuna sehemu ya kukaa, unasimama nae kwenye gereji na hita moja ndogo ambayo ameielekezea kwake. Haongei, ukitaka maelezo inabidi umvute maneno. Simu hapokei, acha ujumbe atapiga akijisikia. Na alikataa kunidanganya nilipomuuliza kama sasa itakua sawa na ya shemeji yenye mkanda wa inchi 137, akasema hapana, mkanda mrefu unalala juu ya matuta mawili kwa pamoja, wako mfupi unaingia katikati, hakuna kinobu cha kubadilisha hilo. Hilo nimeliweka kwenye mabaya ila nadhani linatakiwa liwe kwenye mazuri.

Kwa wanaoanza: sheria ya hapa ukiwa umezaliwa baada ya Desemba 31, 1976 lazima uwe na cheti cha usalama wa snoumobili, na spidi kwenye ardhi na maji ya umma mwisho ni maili 50 kwa saa. Ukienda 50 kwenye matuta hata Mungu akuwekee springi utaumia tu.

Nyota nne kwa tano. Ya tano nimeibakiza kwa ajili ya ile hita.

Ah, na kitu kimoja. Jumapili iliyopita mke wangu akasema na yeye anataka ajaribu hiyo sledi iliyotibiwa ninayoisifia mezani kila siku. Yeye na nguo zote hafiki kilo 75. Kazunguka uwanja wa nyuma wa shemeji, karudi, kavua helmeti: "Baba Neema, hiki kitu kinanirusha kama gunia, umetapeliwa." Nikatoa kile kimfuko cha spana, nikarudisha vibonge kwenye laini pande zote mbili, dakika tatu hazikuisha, nikamwambia haya nenda. Hakurudi nusu saa nzima, mpaka shemeji akaanza kuvaa mabuti amfuate. Sasa hivi pale pembeni kwenye ngao ya mkanda kuna kipande cha selotepu, ameandika yeye mwenyewe kwa kalamu ya wino mnene: Mama Neema 1, Baba Neema 2, na chini yake kwa herufi kubwa RUDISHA UKIMALIZA.