Mazoezi ya kichwa kwa kizunguzungu cha sikio: uzoefu wangu

Nauza khanga na vitenge Kariakoo na nyumbani ni Kigamboni, kwa hiyo navuka na pantoni kwenda na kurudi. Nayasema haya kwanza kwa sababu ugonjwa ulionipata ulinibana pande zote mbili: juu ya pantoni sikuweza kusimama, na dukani sikuweza kuutazama mzigo wangu mwenyewe. Huduma ninayoieleza hapa ni mazoezi ya mizani ya mwili niliyofanyishwa na mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo), pamoja na kipimo cha usikivu kilichotangulia. Nimeandika kwa kirefu maana nilipokuwa natafuta habari hizi kwa Kiswahili, nilikuwa naambulia matangazo ya dawa za matone tu.

Yalianza na mafua. Mwezi wa nane mwaka jana yaliingia nyumbani kwetu yakatulaza wote. Watoto siku ya tatu walikuwa uani wanacheza. Mimi homa iliniacha siku ya tano, nikajua nimepona. Siku ya sita alfajiri simu ikalia, nikageukia kushoto niizime, chumba kikaanza kwenda. Dirisha lilikuwa linakimbia kuelekea upande mmoja, halafu linarudi palepale na kuanza tena, halisimami. Nikashika godoro kwa mikono miwili. Nilitapika mpaka nyongo. Sikio la kushoto lilikuwa limeziba kama limeingia maji ya bahari, na ndani yake kuna mlio mwembamba wa nyenje usiokata.

Baba watoto alinipakia kwenye bajaji mpaka zahanati. Malaria hakuna, presha iko sawa, sukari iko sawa. Nikapewa vidonge vya kuzuia kizunguzungu na dawa ya matone. Vidonge vile sivisemi vibaya, kwa siku tatu za mwanzo vilinifanya niweze kunywa uji na ukakaa tumboni. Shida ni kwamba hakuna aliyeniambia niviache lini. Kila vikiisha nilituma mtoto duka la dawa. Nilivinywa wiki tano.

Katika wiki hizo tano nilipokea kila ushauri. Mmoja alisema damu imepungua, mwingine akasema nimetupiwa kitu. Shangazi yangu, kwa mapenzi yote, alinitilia sikioni mafuta ya vuguvugu yaliyopikwa na kitunguu saumu, na jirani akanifukiza nyungu. Kwenye nyungu ndiko nilikokaribia kuanguka juu ya sufuria, maana ndani ya blanketi kuna giza, na mtu ambaye mizani yake imeharibika anasimama kwa msaada wa macho. Ukimfunika macho umemwondolea fimbo. Hilo nimekuja kulijua baadaye.

Wiki ya tatu nilirudi dukani kwa lazima. Chumba kilikuwa hakizunguki tena, ila kichwa kilikuwa kizito na sakafu kama godoro. Mteja wa kwanza akaomba jora la rafu ya juu, lile la maua makubwa ya njano. Nikainua uso kulitazama na maua yote yakaanza kuogelea. Vitenge vimepangwa ukutani kuanzia chini mpaka darini, kila kimoja na nakshi yake, na vyote vilikuwa vinatembea. Nikakaa chini. Miaka kumi na moja nauza vitambaa, na siku hiyo nilimwomba yule mama anihudumie yeye mwenyewe, ajipimie, aniwekee pesa mezani.

Aliyenielekeza kwa daktari wa masikio, pua na koo ni mteja wangu muuguzi. Kumwona daktari pamoja na vipimo nililipa elfu tisini kwa siku moja, na kwa maoni yangu hizo ndizo pesa nilizozitumia vizuri kuliko zote. Kwanza alitazama ndani ya sikio kwa kitochi akasema ngoma ya sikio ni nzima, hakuna usaha, hakuna maji nyuma yake. Kumbe matone yale hayakuwa na mahali pa kufika: yanaishia kwenye ngoma, na ugonjwa wangu ulikuwa ng'ambo ya pili. Kisha akakaa mbele yangu, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akasema, "Mama, tazama pua yangu, usiiache." Akakigeuza kichwa ghafla kidogo kulia: sawa. Akakigeuza kushoto, na nikahisi macho yangu yameipoteza pua na kuirukia upya. Alirudia mara tatu na kila mara ilikuwa hivyo hivyo.

Baadaye nikaingizwa kwenye kijichumba kisichopitisha sauti, nikavishwa hedifoni, nikapewa kitufe. Ukisikia mlio, hata uwe mdogo namna gani, unabonyeza. Wanapiga sauti nene na nyembamba, sikio moja moja. Sikio la kulia nilibonyeza mpaka mwisho. La kushoto kulikuwa na muda mrefu nimekaa na kidole juu ya kitufe nikisubiri, na kupitia kioo nilikuwa namwona dada aliyekuwa ananipima anaendelea kubonyeza upande wake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba milio ilikuwa inapigwa na mimi siisikii. Kwenye karatasi mistari miwili ilikwenda pamoja, halafu kwenye sauti nyembamba, kuanzia hezi 4,000 (hezi ni kipimo cha wembamba wa sauti), mstari wa kushoto ukaporomoka.

Daktari akaniambia jina la ugonjwa, labirinthitisi, yaani uvimbe wa sikio la ndani, ambao mara nyingi huja baada ya maambukizi ya virusi. Alinieleza kwa kunichorea. Kila sikio la ndani lina mirija mitatu iliyopinda, imejaa majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji yanabaki nyuma kidogo na kusukuma vinyweleo, na neva inaupelekea ubongo habari. Kulia na kushoto hupeleka habari zinazolingana. Upande mmoja ukinyamaza ghafla, ubongo unapokea habari za upande mmoja tu na kuzisoma kama mwili unazunguka, hata kama umelala. Ndani ya wiki chache ubongo unaweza kujifunza kuishi na habari hizo pungufu, lakini lazima uzipate. Na vidonge nilivyokuwa nameza vilikuwa vinazififisha. Akaniambia nivipunguze mpaka niache.

Kuhusu usikivu alisema jambo lililoniuma, na naliandika ili lisimpate mwingine. Sikio likipungua kusikia ghafla, ndani ya saa au siku chache, kuna matibabu ya dawa jamii ya steroidi, za kupunguza uvimbe, na yanafaa zaidi yakianza mapema, siku za mwanzo hasa, na kwa kawaida si zaidi ya wiki mbili. Mimi nilifika wiki ya sita. Kama sikio lako limezibika ghafla baada ya mafua usikae kusubiri lizibuke. Inaweza kuwa ni mrija unaounganisha sikio na koo umevimba, na huo mara nyingi hufunguka wenyewe. Lakini wewe na mimi kwa kuhisi tu hatuwezi kutofautisha. Nenda upimwe. Na kama kizunguzungu kimekuja na mdomo kwenda upande, ulimi mzito, kuona vitu viwili viwili, au mkono kukosa nguvu, usidhani ni la sikio, kimbilia hospitali saa hiyohiyo, huenda ni kiharusi.

Sasa mazoezi. Fizio, yaani yule mtaalamu wa fiziotherapia, alikuwa kijana mdogo, mpole, na siku ya kwanza aliniambia nisimame nikitazama dirisha, nifumbe macho, ninyooshe mikono mbele na nipige mguu palepale hatua hamsini. Nilipiga. Nilikuwa na uhakika sijasogea. Nilipofumbua nilikuwa natazama kabati, lililokuwa kushoto kwangu. Mwili ulikuwa umegeuka wenyewe kuelekea sikio bovu.

Zoezi lenyewe ukiliona utalidharau. Unashika kadi yenye herufi moja mbele yako kwa urefu wa mkono, unaitazama, na unatikisa kichwa kushoto na kulia kama mtu anayekataa jambo, huku herufi ibaki inasomeka. Ikianza kufifia, punguza mwendo kidogo. Dakika moja, unapumzika, kisha unatikisa juu na chini. Mara tatu kwa siku. Nilidhani nitafanya kwa sekunde thelathini nichoke mkono. Nilichofanya ni kutafuta ndoo. Fizio akasema hicho kichefuchefu kidogo ndicho ubongo unachojifunzia, mradi kitulie ndani ya dakika chache. Kikikaa muda mrefu basi umezidisha, punguza kesho.

Alinisimulia pia kwamba mazoezi ya namna hii hayakuanza leo. Madaktari wawili wa Uingereza, Cawthorne na Cooksey, waliyapanga miaka ya 1940, wakati wa vita, baada ya kuona kwamba wenye kizunguzungu waliotikisa kichwa na kutembea walipata nafuu upesi kuliko waliolazwa watulie. Mimi nilikuwa nimetulizwa wiki tano, kwa hiyo maneno hayo yaliniingia.

Wiki ya pili nikamweleza kwamba kwenye chumba chake chenye ukuta mweupe naweza, dukani siwezi. Akafikiri, akasema, "Mama, kesho kutwa njoo na khanga." Nikaenda na khanga ya Wema hauozi, kwa sababu maandishi yake ni makubwa na pindo lake lina nakshi nyingi. Akaitundika ukutani. Kazi yangu ikawa kusoma jina la khanga huku natikisa kichwa, nimekaa. Kisha nimesimama. Kisha nimesimama miguu imebanana. Kisha natembea kuiendea na kurudi nyuma, nasoma. Siku ya kwanza herufi ziliyeyukia kwenye maua baada ya kutikisa mara nne. Nilihesabu. Kila jioni nyumbani niliitundika kwenye kamba ya sebuleni, na binti yangu akanishikia saa. Mwisho wa wiki ya nne nilimaliza dakika nzima nimesimama, na maua yakabaki maua.

Nilihudhuria mara sita kwa wiki nane, elfu thelathini kila mara, na bima yangu haikulipia hata senti. Hilo ni zito, na ndiyo sababu nasema ukifika mwulize mapema kama anaweza kukufundisha mengi siku moja ukafanye nyumbani, kwani mazoezi hayahitaji mashine. Lawama yangu nyingine ni karatasi ya maelekezo, ilikuwa ya Kiingereza tupu. Mimi nilinunua daftari nikamwomba anitajie kila zoezi nikaandika kwa Kiswahili, na alikubali kwa moyo mweupe. Lakini mgonjwa asiye na ujasiri wa kuomba ataondoka na karatasi asiyoisoma. Tena hakuna nafasi Jumamosi, na mfanyabiashara wa Kariakoo akifunga siku ya kazi amepoteza.

Mlio wa nyenje bado upo. Sitaki mtu asome hapa adhani mazoezi huondoa mlio. Yanarudisha mizani, mlio ni jambo lingine. Mchana siukumbuki. Usiku ukimya unaukuza, kwa hiyo nalala na feni hata msimu wa baridi, au redio kwa sauti ya chini kabisa, chini ya mlio wenyewe, na hivyo masikio yanapata kitu kingine cha kushughulikia. Nimeacha vijiti vya pamba. Nikienda dukani kununua dawa yoyote nasema kwanza kwamba nina tatizo la usikivu, maana daktari alinionya kwamba zipo dawa zinazoumiza sikio la ndani, sindano za antibiotiki iitwayo gentamisini zikiwemo. Kwenye kelele, mteja akiwa kushoto kwangu nageuza shingo nimpe sikio la kulia. Wateja wa zamani wameshazoea, wanazunguka wenyewe.

Kwa miezi miwili nilikuwa napita Daraja la Nyerere kwa gari ili nisipande pantoni, nikachelewa na kulipa zaidi. Fizio alinipa pantoni kama zoezi la mwisho: kwanza nikae, nishike chuma, nitazame majengo ya ng'ambo, nisitazame maji. Safari ya pili nisimame nimeshika. Mwezi wa kumi na mbili nilivuka nimesimama katikati ya watu, mzigo wa doti ishirini kichwani kwa kijana wa mkokoteni pembeni yangu, na mikono yangu yote miwili ilikuwa imeshika mihogo ya kukaanga ninakula. Mawimbi ya meli iliyokuwa inaingia bandarini yalipotupiga niliyumba kama walivyoyumba wengine, nikasimama.

Nikipata usingizi mdogo au mafua, uzito ule wa kichwa unarudi siku moja au mbili. Ndipo naitundika tena khanga. Kupimwa usikivu mara ya pili ni mwezi wa sita, na daktari ameshaniambia kama mstari wa kushoto haujapanda tutazungumza habari ya kifaa cha kusaidia kusikia.