Nililipia sherehe ya maembe, nikaletewa juisi ya unga

Sina ugomvi na kampuni za shughuli. Harusi ya mdogo wangu ilisimamiwa na mojawapo, na mpaka leo watu wanausifia ule ubwabwa. Ila siku ya maembe siyo harusi. Hilo nililijua nikiwa nimeshika glasi ya juisi ya embe ya unga, ile ya pakiti unayokoroga na maji, na nyuma yangu mwembe wa jirani umeinama kwa kuzaa.

Mtaa wetu uko Temeke, dakika chache tu kwa bajaji kutoka soko la Stereo. Ikifika Novemba, magari ya maembe yanaingia kwa Barabara ya Kilwa kutoka Mkuranga na Rufiji, matenga yamepandana, na bei inashuka mpaka watoto wanarushiana makokwa. Sisi kina mama wa kikoba tukaona kwa nini kila mtu ale kwake na mlango kaufunga? Tuchague siku moja, tufunge kipande cha mtaa, tuweke turubai, tule vya msimu: maembe, mchunga, kisamvu, muhogo wa nazi, samaki wa embe mbichi. Tukachukua Desemba 9, maana ni sikukuu ya Uhuru na watu wako majumbani.

Mwaka wa kwanza, 2023, hatukujiamini. Mie mweka hazina nikatumwa nitafute kampuni itakayobeba kila kitu. Nikapata moja yenye ofisi safi na picha nzuri ukutani. Kifurushi chao: milioni moja na laki sita kwa watu 150, ndani yake turubai, viti, meza, spika, mshereheshaji, chakula na vinywaji. Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu zake, shikamoo nyingi. Akaniambia, "Mama, mkifanya Aprili nawapunguzia laki mbili, Desemba tumebanwa na harusi."

"Mwanangu, Aprili maembe utayatoa wapi?"

"Tutatafuta tu mama, soko halikosi kitu."

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Mtu anayekwambia Aprili, masika yamepamba moto, atakutafutia embe, huyo embe kwake ni pambo. Lakini nilishatoa kishika uchumba, nikanyamaza.

Siku yenyewe, niwape haki yao, turubai zilifika alfajiri na zilifungwa na vijana wanaojua kazi. Mnakumbuka mvua za El Niño za mwaka ule. Saa tisa alasiri ilishuka mvua ya kukata na shoka, na hakuna aliyelowa ila waliokuwa wanacheza muziki nje kwa hiari yao. Viti vilikuwa visafi, spika haikukoroma hata mara moja.

Chakula sasa. Meza kuu ilipambwa kwa mnara wa matufaha mekundu kutoka Afrika Kusini, na zabibu zimening'inizwa pembeni. Maembe yalikuwepo, ndiyo, sinia mbili, yamekatwa vipande vya mraba na kuchomwa vijiti, meupe kwa ubichi. Kulikuwa na wali, kuku wa kisasa, chipsi, kachumbari na ile juisi. Mchunga hakuna. Nilipouliza, mhudumu akasema mchunga "haupo kwenye menyu". Bibi mmoja aliyetoka Mbagala kwa ajili ya siku hiyo alikula wali mtupu, akaniuliza kwa upole kama maembe yenyewe yanakuja baadaye.

Nililalamika kwa kampuni. Jibu lao: tulikubaliana "matunda", hayakutajwa matunda gani. Nikarudi kuisoma karatasi, kweli. Kwa hiyo wewe unayetaka kufanya jambo kama hili, andika jina la kila kitu. Andika dodo, andika bolibo, andika juisi ya kusaga au kukamua. Neno "matunda" litakuletea tufaha.

Mwaka uliofuata tuligawanya kazi. Kampuni ile ile tukaikodi turubai, viti na spika tu, laki tatu na nusu. Chakula tukakichukua wenyewe.

Huko ndiko nilikosoma. Dalali wa Stereo niliyeelekezwa na muuza mboga wetu alinitaka nifike siku nne kabla, saa kumi na moja asubuhi, magari yanaposhushwa. Nikamuuliza kwa nini mapema hivyo. "Mama angu, unataka embe la kula leo au la Jumatatu? La Jumatatu halijaiva, na usilitake lililoiva." Akachomoa dodo moja kutoka kwenye tenga, la kijani kabisa, akaliweka kiganjani kwangu. Nilitaka kulirudisha. Akanionyesha pale kwenye kikonyo: nyama imejaa, imepanda juu kidogo, kikonyo kimezama katikati kama kitovu cha mtoto mnene. Hilo limekomaa, ukilivundika litaiva tamu. Akachukua la pili, rangi nzuri zaidi, limekaa shingo nyembamba, kikonyo kimechomoza. Hilo limevunwa changa, hata ulivundike mwezi litasinyaa tu. Kisha akalipapasa la tatu, akanionyesha vitundu vidogo kama vya sindano: inzi wa matunda ameshataga, ndani mna funza. Miaka hamsini nakula maembe, sikuwa nayajua yote hayo.

Tukanunua matenga, tukayapakia kwenye guta, tukayagawa nyumba sita. Kila mama akavundika ya kwake kwenye viroba, chini ya kitanda, na magazeti juu. Siku ya tatu ukiingia chumbani kwangu ulikuwa unapokelewa na harufu. Mume wangu alihamia sebuleni.

Samaki tulifuata Feri, vibua, tukavipika kwa embe mbichi badala ya ndimu, tui zito likaingia mwisho, embe lilipokuwa limelainika. Mchunga uliletwa na yule yule bibi wa Mbagala, vifungu kwa vifungu kwenye kapu la ukili, akausimamia mwenyewe jikoni kuhakikisha maji ya kwanza yanamwagwa ili uchungu upungue. Yakaja pia embe ng'ong'o, chumvi na pilipili kwa ajili ya watoto, na achari ya chupa kutoka kwa jirani yetu wa Kizanzibari. Walikula watu zaidi ya 200, na chakula kizima hakikufika laki sita.

Msidhani yote yalikwenda sawa. Kibali cha kufunga mtaa kilituzungusha: mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha polisi kwa ajili ya muziki. Anzeni wiki tatu kabla. Bwana afya wa kata naye alikuja na masharti, na alikuwa sahihi. Tuliokuwa Dar mwaka 2015 hatujasahau kipindupindu, matunda ya kukatwa yalivyopigwa marufuku barabarani. Akataka ndoo za koki zenye maji na sabuni kila turubai, na embe likatwe mtu anapolitaka, lisikae kwenye sinia. Tukaweka meza ya wakataji, mabinti wanne, na ikageuka kuwa sehemu yenye foleni na vicheko kuliko muziki.

Kitu tulichosahau kabisa ni taka. Maganda na makokwa ya watu 200 ni mzigo, jamani. Kufika saa kumi na moja jioni nzi walikuwa wengi kuliko wageni, na mwenye guta la taka tulimpigia simu baada ya kuharibikiwa, akatutoza mara mbili. Na vifungashio: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, tukawa hatuna cha kuwafungia watu maembe ya kupeleka nyumbani. Walibeba kwenye khanga.

Kwa hiyo alama zangu kwa ile kampuni: turubai na viti, nne kwa tano, ningewakodi tena kesho. Chakula, moja, na hiyo moja ni ya wali. Dalali wa Stereo nampa tano, ingawa alituzidishia kidogo bei ya bolibo na anajua kwamba najua.

Kuna mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Tabora, hakula embe hata moja siku ile. Alikaa kwenye kiti chake akisimulia miembe ya njia ya misafara kwenda Ujiji, na kwamba haya ya Rufiji yetu ni maji matupu. Watu wa Rufiji nusura wamnyang'anye kiti. Ameapa Desemba hii ataagiza gunia lake lije kwa treni, na ametaka meza yake peke yake. Nimeshaiandika kwenye bajeti.