Lowrance ya kijani ya mtumba: inunuliwe au iachwe?

Kisanduku hiki cha kupimia kina kilitoka Marekani mwaka 1959, na kwenye mitumba bado kinapatikana. Hakichori samaki. Ndani kuna mota inayozungusha taa ya neoni nyuma ya uso wenye namba. Taa ikifika sifuri, transdyusa (kichwa cha majini kinachorusha mlio na kupokea mwangwi) hupeleka mlio chini. Mwangwi ukirudi, taa humulika penye namba ya kina.

Usahihi wote umo kwenye mwendo wa mota. Chukua uso wa futi 60, yaani pima 10, uliohesabiwa kwa sauti ya futi 4,800 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 25, kwa hiyo mota lazima izunguke mara 2,400 kwa dakika. Ikizidi, kina husomeka kirefu kuliko kilivyo, na hapo ndipo chombo hupanda mwamba. Ikipungua, husomeka kifupi. Maji ya joto ya pwani yetu hubeba sauti kama futi 5,050 kwa sekunde, basi futi 40 za kweli husomeka 38: kosa, lakini la upande salama. Tia bildi (risasi ya kamba ya kupimia kina) kwanza, ulinganishe.

Bila transdyusa yake, kiache. Masafa ya mlio (frikwensi) yasipolingana na ya kisanduku, mwangwi hausikiki. Pima waya zake kwa mita: ukinzani ukikaribia sifuri, maji ya chumvi yameingia. Waya ukizidi urefu uviringishe, usiukate, maana kiungo ndicho mlango wa kutu.

Sifuri ikiwaka na chini hakuonekani, na transdyusa ni nzima, shuku kapasita za elektroliti; hukauka kwa umri. Weka za maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi. Zitoe chaji kabla ya kugusa: upande wa kurusha mlio huwa na volti za hatari. Miale ikitapakaa uso mzima, safisha brashi za mota.

Boti ya faiba isiyo na povu ndani, transdyusa yaweza kugandishwa ndani kwa epoksi, bila kiputo hata kimoja. Mashua ya mbao haipitishi mlio. Humo transdyusa ifunge nje ya tezi (nyuma ya chombo), mbali na mapovu ya rafadha.

Jua la saa sita huifisha neoni, hivyo funika kwa kivuli. Umeme ulikuwa betri mbili za volti 6 mfululizo. Betri moja ya UPS ya volti 12 inatosha, pamoja na fyuzi ya ampea 1. Hakikisha chanya na hasi kabla ya kuwasha, kwani ukizigeuza transista huungua.

Kwa kazi ya ndani ya mwamba na kwenye mikondo ya mikoko, kinunuliwe.