Nafuu ya kodi ya gari la umeme Colorado: tathmini ya duka lililomkodisha mdogo wangu

Mdogo wangu ni muuguzi katika mji wa Aurora, jirani na Denver, jimbo la Colorado nchini Marekani. Mwezi Desemba 2024 alikodi gari jipya la umeme aina ya Nissan Leaf, na kwa kuwa mimi ndiye mhasibu katika familia yetu, karatasi zote zilipita mezani kwangu hapa Isevya, Tabora, kabla hajatia saini. Duka lilipofunguliwa saa tatu asubuhi ya kule, huku kwetu ilikuwa saa moja usiku, na kwa siku sita mfululizo nilikula chakula cha jioni simu ikiwa sikioni. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzangu wenye ndugu Marekani, ambao wameniuliza mara nyingi kama nafuu ya kodi inayotangazwa na maduka ya magari kule ni ya kweli. Ni ya kweli, lakini duka hili lilitulazimisha kuifuatilia hatua kwa hatua ili imfikie aliyestahili.

Niweke sawa maneno kwanza. Wapo wanaoiita "mkopo wa kodi", na Mama aliposikia neno mkopo alilipinga jambo lote kwa siku mbili nzima. Hakuna mkopo hapa, wala hakuna anayerejesha chochote. Ni kiasi kinachokatwa moja kwa moja kwenye kodi ya mapato ambayo mtu anadaiwa na jimbo, na kwa Colorado, kiasi hicho kikizidi deni lake, jimbo humlipa kilichobaki. Sisi tunaoagiza magari kupitia bandari ya Dar es Salaam tumezoea kodi inayopandishwa juu ya bei ya gari, yaani ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa, VAT ya asilimia 18 na mengineyo, kwa hiyo hata mimi ilinichukua muda kuelewa kwamba nafuu hii hupitia kwenye ritani, yaani taarifa ya kodi ya mapato, ya mwaka ya mnunuzi mwenyewe, kwa fomu inayoitwa DR 0617, na wala haihusiani na ushuru wa kuingiza gari.

Masharti yenyewe hayana ugumu. Gari liwe jipya, bei elekezi ya kiwanda isizidi dola 80,000, lisajiliwe Colorado, na kama ni la kukodi, mkataba usipungue miaka miwili. Kipato cha mtu hakiangaliwi. Kinachobadilika ni kiwango, nacho hutegemea tarehe: kwa mikataba ya kuanzia Julai 2023 hadi mwisho wa Desemba 2024 nafuu ilikuwa dola 5,000, na kuanzia Januari 2024 gari ambalo bei yake elekezi haikuzidi dola 35,000 liliongezewa dola 2,500. Leaf ya chini kabisa ya mwaka ule ilikuwa na bei ya dola 28,000 na kidogo. Mdogo wangu alistahili zote mbili, jumla dola 7,500, ilimradi asaini kabla ya tarehe 1 Januari 2025, siku ambayo ile 5,000 ingeshuka hadi 3,500.

Duka lilianza vizuri. Muuzaji alijua viwango vyote bila kufungua kitabu, alieleza kwa subira kwamba mteja anaweza ama kungoja na kudai nafuu yake mwenyewe wakati wa ritani, ama kukabidhi haki hiyo kwa duka au kampuni ya fedha ili apunguziwe papo hapo, na hakumsukuma mdogo wangu kuelekea upande wowote. Kwa mshahara wa muuguzi mwenye watoto wawili, kupunguziwa papo hapo kulikuwa na maana zaidi kuliko hundi ya miezi mitano baadaye, nasi tukakubaliana na njia hiyo. Kwa sehemu hii ninalipongeza duka bila kusita.

Kisha ukaja mkataba wa kwanza. Ulikuwa wa miezi 18.

Niliusoma mara tatu nikidhani nimekosea. Malipo ya kila mwezi yalikuwa ya kuvutia, rangi ya gari ilikuwa ile aliyoitaka, na mdogo wangu alikuwa tayari na kalamu mkononi, lakini miezi 18 haifiki miaka miwili, na chini ya miaka miwili nafuu ya jimbo haipo. Nilipomwagiza amuulize muuzaji, jibu lilikuwa kwamba huo ulikuwa mkataba wa kawaida wa ofa ya mwezi ule na kwamba wa miezi 24 nao upo. Sidai kwamba kulikuwa na hila. Ninadai kwamba mtu anayetangaza nafuu ya dola 7,500 dukani kwake ana wajibu wa kutomwekea mteja mbele yake karatasi inayoifuta, na mteja asiye na mtu wa kumsomea angesaini.

Mkataba wa pili ulikuwa wa miezi 24, na ulionyesha tarakimu moja tu: malipo ya kila mwezi. Hapo ndipo palipotuchelewesha zaidi. Dola 7,500 zikigawanywa kwa miezi 24 ni dola 312 na senti 50 kwa mwezi, kwa hiyo swali langu lilikuwa jepesi, nalo ni malipo hayo yangekuwa kiasi gani bila nafuu. Muuzaji hakuweza kujibu, akatuelekeza kwa ofisa wa fedha, naye akachukua siku nne kutoa jedwali kamili la jinsi malipo yalivyokokotolewa. (Lugha yetu nayo ilichangia mkanganyiko, kwa sababu kodi ya serikali na kodi ya kukodi kitu ni neno moja, na kila nilipomwambia mdogo wangu "kodi imepungua?" alinijibu kuhusu ile nyingine.) Jedwali lilipofika, dola 7,500 za jimbo zilikuwamo zote. Lakini ilikuwamo pia dola 995 ya kinga ya rangi ambayo hakuna aliyeiomba. Tuliikataa, ikaondolewa siku ileile bila mabishano, jambo ambalo linanionyesha kwamba haikuwa ya lazima tangu mwanzo.

Kulikuwa na nafuu ya pili, ya serikali kuu ya Marekani, nayo pia dola 7,500, na hapa ndipo wengi huchanganya. Gari likinunuliwa, nafuu ile ilikuwa ya mnunuzi, yenye masharti ya kipato na ya mahali gari lilipotengenezwa. Gari likikodiwa, ilikuwa ya kampuni inayokodisha, kwa kuwa ndiyo mmiliki, na sheria haikuilazimisha kumpa mkodishwaji hata senti moja. Nafuu ya Colorado ni kinyume chake, ni ya anayekodi. Kampuni ya fedha katika mkataba wetu iliishusha yote kwenye thamani ya gari, na ninaishukuru, ila hilo tulilijua kutokana na jedwali, wala si kutokana na tangazo.

Kuhusu gari lenyewe nitasema machache. Kwa chaji kamili linakadiriwa kwenda maili 149, kama kilomita 240, umbali ambao safari ya Tabora hadi Nzega na kurudi ingeumaliza karibu wote, na wakati wa baridi kali ya Denver unapungua. Mdogo wangu huenda kazini na kurudi, analichaji nyumbani usiku, na hajalalamika.

Kwa duka ninatoa nyota tatu kati ya tano. Ujuzi wa muuzaji na wepesi wa kurekebisha makosa unastahili nne, lakini ule mkataba wa miezi 18 na zile siku nne za kusubiri jedwali vinanizuia.

Anayeingia dukani leo atakuta hali nyingine. Nafuu ya serikali kuu ilikoma kwa magari yaliyochukuliwa baada ya tarehe 30 Septemba 2025, na ile ya msingi ya Colorado imeshuka hadi dola 750 kuanzia Januari 2026, ingawa nyongeza ya dola 2,500 kwa magari ya bei ya chini bado ipo. Mkataba wa mdogo wangu unaisha Desemba hii. Juzi aliniuliza, "Dada, nirudi palepale?" Nimemwambia arudi, ila awaombe jedwali kamili la miezi 24 kwa barua pepe kabla hajakanyaga dukani, na alitume kwangu siku hiyohiyo.