Vitufe vya sauti vya mbwa: nunua vinne, anza na kimoja

Seti ina vitufe vinne vya plastiki. Kila kimoja kinatumia betri mbili za AAA na kinarekodi hadi sekunde 30; mbwa akikikanyaga, kinatamka neno ulilorekodi. Kwa ubora wa sauti tunavipa alama nzuri. Ila vyenyewe havimfundishi mbwa kitu, na wengi huharibu mambo siku ya kwanza kwa kutandaza vyote vinne.

Anza na cha kutokea. Funga madirisha milio ya bodaboda isiingie, weka kitufe sentimita 15 hivi kutoka mdomoni, tamka neno moja tu: "nje". Kibandike kwenye kipande cha plaiwudi karibu na mlango, maana kwenye sakafu ya saruji kinateleza na mbwa mdogo anakiogopa. Kila anapotaka kutoka, bonyeza wewe, kisha fungua mlango papo hapo. Ukichelewa, atakuwa ameshaunganisha ile sauti na kitu kingine kabisa, pengine paka aliyepita ukutani. Mara tano asubuhi na tano jioni zinatosha. Usimshike mguu kumlazimisha, wala usipake siagi ya karanga juu ya kitufe. Sisimizi wataingia kwenye spika.

Uchaguzi wa maneno ndio wenye mtego. "Nje" na "njoo" zisiwe kwenye seti moja. Watafiti wa Budapest, Hungaria, walipopima ubongo wa mbwa, matokeo yao ya mwaka 2020 yalionyesha kwamba ubongo huo hautenganishi neno unalolijua na neno bandia linalopishana nalo kwa sauti moja. Chukua "nje", "mpira", "kula". Na nyumba nzima ikubaliane: baba akisema "kaa", mama "keti", watoto "kaa chini", mbwa ana maneno matatu ya kazi moja.

Je, amejua neno au amekariri mahali? Hamishia kitufe upande wa pili wa chumba, kisha mtu mwingine abonyeze. Kwenye utafiti wa San Diego, Marekani, uliotoka 2024, mbwa waliitikia ipasavyo "nje" na "kucheza" hata alipobonyeza mtu wasiyemjua. Wako akienda kusimama pale kitufe kilipokuwa, rudi nyuma wiki moja. Usimlinganishe na Chaser, mbwa wa Marekani wa aina ya border collie aliyejua majina ya vitu 1,022. Yule alifundishwa saa nne hadi tano kwa siku kwa miaka mitatu.

Udhaifu mkubwa ni springi za betri. Kwa nyumba za Raskazone, Tanga, na kote karibu na bahari, hewa ya chumvi inazishika kutu upesi, na sauti inaanza kukatika. Zifute kwa kitambaa kikavu kila wiki, na toa betri ukisafiri.

Mbwa wa ulinzi anayeshinda na kulala uani havimfai. Havizuii maji, mvua za masika zitavimaliza. Huyo mnunulie filimbi.