Dawa ipi ununue kuikinga ngano na baridi

Mombasa jalidi twaijua ya friji tu, na ngano twaiona ikishuka bandarini au ikishakuwa mahamri. Lakini wapo wenzetu waliokodi mashamba Timau na Mau Narok, huko juu kwenye baridi, na dawa wanazinunua huku kabla ya kupanda basi. Kaka yangu ni mmoja wao, na mtumwa wa kwenda dukani ni mimi.

Ngano ya majira ya baridi, ile ya China na Marekani, hustahimili theluji ikiwa changa. Balaa huja theluji ikishayeyuka. Ikianza kutoa vifundo, suke changa hupanda juu ya udongo ndani ya bua, na ule ukakamavu wa kustahimili baridi umeshaisha. Hapo nyuzi 4 chini ya sifuri kwa saa mbili hivi zaiumiza. Ikiwa na mimba, yaani suke limevimba ndani ya jani bila kutoka, nyuzi 2. Ikichanua, nyuzi 1 tu. Ngano ya Kenya si ya aina hiyo, haihitaji baridi ndefu ili itoe suke, ila ikipigwa na jalidi wakati wa mimba huumia vilevile.

Nafasi ya kwanza naipa brasinolaidi, homoni ya mimea. Iligunduliwa mwaka 1979 katika chavua, na kipimo chake ni kidogo mno, kwa hivyo kichupa kimoja chaenda mbali. Huusaidia mmea kujihami seli zake zisiharibike. Sharti lake moja: inyunyizwe kabla ya baridi, siku kadhaa. Kipimo kikizidi hakuna faida, basi usimsikize muuzaji anayekwambia ongeza kifuniko kimoja.

Ya pili ni klomekwati, wengi huiita CCC. Hii huzuia homoni ya kurefusha bua, ngano ikawa fupi na nene. Nunua kama shida yako kubwa ni ngano kulala kwa upepo. Kinga ya baridi ihesabu kama nyongeza. Hupigwa ngano ikikaribia kumaliza kutoa machipukizi, vifundo vikianza. Ukichelewa, umepoteza pesa.

Asidi ya absisiki ndiyo homoni ambayo mmea wenyewe huitoa ukipata dhiki, na kwa nadharia ingekuwa juu. Nimeishusha hadi ya tatu kwa sababu jua huiharibu upesi na ni ghali. Ya eka mbili za majaribio, sawa. Ya eka hamsini, hapana.

Mkiani kabisa ni ethefoni, ileile ya kuivisha matunda. Ni kweli hufupisha bua, lakini ikipigwa ngano ina mimba yaweza kuifanya chavua kuwa tasa, na baridi nayo huua chavua hiyohiyo. Jiberelini hata siipangi: ndiyo homoni ya kurefusha bua, nawe wataka kinyume.

Kabla hujatoa pesa, geuza chupa. Kama haina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya serikali inayosajili dawa za shambani, au lebo haitaji ngano, irudishe rafuni hata kama muuzaji ni jirani yako.

Na kama baridi imeshapiga jana usiku, usinunue chochote. Ngoja wiki moja, pasua mabua kumi kwa wembe sehemu mbalimbali za shamba. Suke gumu la kijani-jeupe li hai; lililolegea likageuka kahawia limekufa.