Helios kwa uchaguzi wa vikundi vya kujitolea: kura imefungwa, hesabu iko wazi

Kikundi chetu hapa Mombasa huendesha chumba cha kusomea cha watoto wa mtaa, na kila baada ya miaka miwili huchagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, ambao wote hufanya kazi bila malipo. Kwa miaka mingi tulichagua kwa kunyoosha mikono katika mkutano mkuu. Safari hii, kwa kuwa wanachama wengi wamehamia miji mingine na baadhi yao wako Ghuba, nilikabidhiwa usimamizi wa uchaguzi na nikatumia Helios, huduma ya bure ya kupiga kura kwa njia ya intaneti iliyobuniwa na Ben Adida. Ninaitathmini kwa ajili ya wasimamizi wenzangu ambao hawana fedha za kununua mfumo wa uchaguzi, na ambao wanachama wao, kama wetu, hawakubaliani kuhusu kipi kiwe siri na kipi kiwe hadharani.

Mabishano hayo yalitangulia huduma yenyewe. Vijana wetu walitaka kura ibaki ya wazi, wakisema kwamba watu waliojitolea hawana la kufichana. Aliyewapinga kwa nguvu zaidi ni mzee mmoja aliyeuona mlolongo wa mwaka 1988, pale KANU, chama tawala cha Kenya wakati huo, ilipowapanga wapiga kura wake foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 akahesabiwa kuwa amepita bila kufika kwenye kura ya siri. "Wanangu," alituambia, "mlolongo ulikuwa wazi kuliko kitu chochote, kila mtu aliona, na bado mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa mrefu." Maneno hayo yalinionyesha kwamba tulikuwa tukichanganya mambo mawili: kuonekana kwa mpiga kura na kuonekana kwa hesabu. Mlolongo ulimwanika mpiga kura bila kuilinda hesabu. Nilichokuwa nikikitafuta ni kinyume chake, na hapo ndipo Helios inapostahili sifa.

Mwanachama hupokea barua pepe yenye kiungo na neno la siri, huchagua wagombea wake, kisha kivinjari chake huifunga kura kwa mahesabu ya kisimbo, yaani huigeuza isisomeke bila ufunguo, kabla haijaondoka kwenye kifaa chake. Hupewa alama ya kufuatilia, yaani mfululizo wa herufi na tarakimu, na alama hiyo hubandikwa kwenye ukurasa ambao kila mtu anaweza kuufungua akahakikisha kwamba kura yake imefika na haijabadilishwa. Mwenye shaka anaweza kuikagua karatasi yake kabla ya kuituma: mfumo humwonyesha jinsi ulivyoifunga, karatasi hiyo hubatilika, naye huandaa nyingine. Uchaguzi ukifungwa, kura hujumlishwa zikiwa bado zimefungwa, na kinachofunguliwa ni jumla tu. Hakuna hatua ambapo mimi, msimamizi, ninaiona kura ya mtu mmoja mmoja, na jambo hilo liliniondolea mzigo ambao katibu yeyote aliyewahi kuhesabu vikaratasi vyenye miandiko anayoitambua ataufahamu.

Nilipenda pia kwamba mtu anaweza kupiga kura tena na ya mwisho ndiyo inayohesabiwa. Kwa kikundi ambacho ndugu wawili au mwajiri na mfanyakazi wake ni wanachama pamoja, hii si anasa. Aliyelazimishwa kupiga kura mchana anaweza kuibadilisha usiku. Hata hivyo, waundaji wenyewe wanaeleza kwamba huduma hii inafaa vyama, vilabu na serikali za wanafunzi, mahali ambapo shinikizo ni dogo, na kwamba haifai uchaguzi wa viongozi wa umma. Chuo kikuu cha Louvain nchini Ubelgiji kiliitumia kumchagua rekta, yaani mkuu wake, mwaka 2009, na chama cha kimataifa cha watafiti wa usimbaji, IACR, kimekuwa kikiitumia tangu mwaka 2010.

Chama hichohicho ndicho kilichotufundisha udhaifu wake mkubwa. Katika Helios, ufunguo wa kufungulia matokeo unaweza kuachiwa mfumo wenyewe, au ukagawanywa kwa wadhamini mnaowateua, na mkiugawanya ni lazima kila mdhamini alete sehemu yake. Novemba 2025, IACR ilitangaza kwamba mmoja wa wadhamini wake watatu alikuwa ameupoteza ufunguo wake moja kwa moja, matokeo hayakuweza kufunguliwa kamwe, na uchaguzi ukarudiwa. Hao ni mabingwa wa fani yenyewe. Sisi tuliteua wadhamini wawili na nikawaomba wajaribu funguo zao kwenye uchaguzi wa mazoezi, na nashukuru nilifanya hivyo, kwa sababu mmoja wao alikuwa ameuhifadhi wake kwenye kompyuta ya dukani, ambako mtu yeyote angeweza kuufuta. Anayeuachia mfumo ufunguo anapata wepesi, lakini ajue kwamba siri ya wanachama wake sasa inategemea uaminifu wa wenye mfumo.

Kuna siri nyingine ambayo hakuna kisimbo kinachoweza kuilinda. Katika kikundi kidogo, mgombea akishinda bila kura hata moja ya kupinga, kila mtu anajua jirani yake alipiga nini. Helios pia huorodhesha waliopiga kura, kwa majina au, msimamizi akichagua, kwa majina ya bandia. Nilichagua ya bandia, na bado ninaamini nilifanya sawa, ingawa baadhi ya wanachama walilalamika kwamba hawakuweza kuwakumbusha wenzao waliochelewa. Kukumbushwa na msimamizi kunatosha. Kukumbushwa na mpiga debe wa mgombea ni jambo jingine kabisa.

Mapungufu ya kila siku ni machache lakini yanaumiza. Maelekezo tuliyoyaona yalikuwa ya Kiingereza, na ilinibidi niandike mwongozo wa Kiswahili na kukaa na wazee wetu simu mkononi. Wasio na barua pepe walilazimika kufunguliwa akaunti, na hapo usiri wao ukawa mikononi mwa kijana aliyewafungulia. Aidha, mpiga kura hawezi kuwapanga wagombea kwa kufuatana anavyowapendelea. Debian, mradi wa kutengeneza mfumo huria wa kuendesha kompyuta, ambao watu wake wa kujitolea humchagua kiongozi wao kila mwaka, huwapanga wagombea hivyo na huweka kwenye karatasi chaguo la "hakuna kati ya hawa". Chaguo hilo nililiongeza mwenyewe kama jibu la kawaida, na lilifanya kazi vizuri. Debian nayo ilikuwa ikichapisha majina ya wapiga kura katika maamuzi yake mengine hadi mwaka 2022, ilipoamua kuyaficha, baada ya kura ya mwaka 2021 kuhusu Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati za programu huria, iliyowaanika wanachama wake mbele ya ulimwengu.

Ambacho Helios haigusi kabisa ni namna majina yanavyofika kwenye karatasi. Kamati yetu ya uteuzi ilikutana faraghani, ikawakataa waombaji wawili, na ikakataa kueleza sababu. Ninaelewa kwamba mtu anapotajwa kwa kosa la kifedha lisilothibitishwa hapaswi kuvuliwa nguo sokoni. Lakini wanachama walipaswa kuambiwa ni watu wangapi walioomba, vigezo vilikuwa vipi, na nani walikaa kwenye kamati, na mambo hayo hayamdhuru mtu yeyote. Mmoja wa waliokataliwa alipokea matokeo ya Helios bila kinyongo, akazikagua alama zote kwenye ukurasa, kisha akaniuliza, "Bwana msimamizi, hesabu nimeikubali. Je, kile kikao cha kamati nitakikagua wapi?" Sikuwa na ukurasa wa kumwonyesha.

Nitaitumia tena Helios kwa uchaguzi ujao na ninaipendekeza kwa kikundi chochote chenye wanachama waliotawanyika, wenye barua pepe, na msimamizi aliye tayari kufanya mazoezi kwanza. Pendekezo la kuilazimisha kamati ya uteuzi itoe taarifa ya maandishi nimekwisha kuliwasilisha, na litajadiliwa katika mkutano mkuu, kwa kura ya siri.